Mrututu si Dawa ya Kunywa

Wazee wa mwambao, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani, wanalijua jiwe la buluu liitwalo mrututu. Wataalamu huliita salfeti ya shaba. Zamani lilisagwa, likatiwa kwenye vidonda sugu ili liunguze nyama mbovu. Hata hospitalini lilisuguliwa ndani ya kope za wagonjwa wa vikope, kabla ya dawa za kisasa kupatikana. Wakulima hulichanganya na chokaa kuzuia ukungu wa mimea.

Lakini mrututu ni sumu. Ukimezwa huunguza tumbo, hutapisha, na huharibu ini na figo. Uweke mbali na watoto. Aliyeumeza usimtapishe, mpeleke hospitali upesi. Na kidonda je? Kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati.