Shabaha kabla ya ndege

Kijana wa Msuka, Pemba, atajifunza kulenga, mzazi apende asipende. Manati ni panda ya mti, vipande viwili vya mpira wa tyubu na kikoba cha ngozi. Haihitaji duka wala kibali. Lililobaki kuamuliwa ni alenge nini. Asipoonyeshwa shabaha, huanza na ndege, na kaskazini mwa Pemba hilo si dogo. Msitu wa Ngezi uko jirani, na ninga wa Pemba hapatikani popote duniani ila kisiwani humu na kwenye visiwa vidogo vya kandokando. Popo wakubwa wa Pemba, ambao nao hawako kwingine, walikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, wakaongezeka tena baada ya wanavijiji kama wa Kidike kuamua kuwalinda. Bunduki za wakubwa zilihusika kuliko manati za watoto, bila shaka. Hata hivyo kijana akizoea kwamba kila chenye mbawa ni cha kupigwa, itakuwa kazi kumzuia ukubwani. Kwa hiyo naona afundishwe mapema, kwa utaratibu, kupiga kisicho na roho.

Mpemba ana sababu ya kushtuka akisikia mtoto anafundishwa shabaha. Tarehe 27 Januari 2001 risasi za vyombo vya dola ziliua waandamanaji kisiwani, Micheweni ikiwemo, na watu zaidi ya elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Huzuni hiyo haiondolewi kwa kutaja michezo. Ila hapa hatuzungumzii bunduki. Sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015 inamtaka mwenye leseni awe ametimiza miaka 25, nami sioni haja ya kuupunguza umri huo. Linalozungumzwa ni ustadi, na sehemu kubwa ya ustadi huu ni kujizuia. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 16, kwa bunduki ya hewa ya mita 10, mchezo ambao alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita. Nukta hiyo haipigwi kwa hasira. Mlengaji akihisi mkono umetetemeka hushusha silaha, akavuta pumzi, akaanza upya.

Hayo yanafundishika kwa manati. Gunia lililojazwa makumbi litundikwe mbele ya ukingo wa udongo, mahali pasipopita mtu, kisha lichorwe duara kwa chokaa. Gunia lina maana yake: jiwe likigonga ukuta au bati hurudi, na linaporudi hutafuta jicho. Miwani ya kukinga macho ivaliwe hata hivyo, na atakayetazama akae nyuma ya mpigaji. Kijana asimame hatua kumi, avute mpira hadi pale pale shavuni kila mara, aachie bila kushtuka. Walimu wengi wasio na uzoefu hukosea hapa kwa kushangilia jiwe lililoingia katikati. Mawe matano yaliyokusanyika kushoto yana thamani kuliko moja la katikati na manne yaliyotawanyika, kwa sababu mkusanyiko unaonyesha mkono unaorudia jambo lile lile; kilichobaki ni kusogeza shabaha ya jicho tu. Kijana akielewa hilo ameanza kujisahihisha mwenyewe. Akipata uwezo, upinde upo mbele yake. Kwenye Olimpiki hupigwa kutoka mita 70, na Shehzana Anwar, mpiga mishale, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya huko Rio mwaka 2016.

Kwa upande wa dini, hadithi husifu kulenga mishale, zikakataza kufanya chenye roho kuwa shabaha. Imepokewa pia kwamba Mtume alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwani haviui windo bali huvunja jino na kutoboa jicho. Anayetaka kuipiga marufuku manati ana hoja hapo, na nzito. Lakini marufuku hiyo huishia kwenye mlango wa nyumba. Migombani na mikarafuuni kijana yuko peke yake. Naweza kuulizwa kama kumfundisha hakutamzidishia wepesi wa kuua ninga. Huenda, endapo mwalimu atamwachia manati na kuondoka. Ndiyo maana manati na mawe vikae kwa mkubwa, vitolewe baada ya alasiri, na vihesabiwe vinaporudishwa.