Kiti cha zamani sebuleni, uzuri wake usimponze mtoto

Kiti kinashushwa kutoka kwenye kirikuu. Rangi imebabuka na sponji limebonyea, lakini miguu iliyopinda na nakshi za maua mgongoni zimeshamteka mama mwenye nyumba. Fundi anaanza kazi palepale barazani kwa msasa. Vumbi jeupe linatimka, na mtoto anayetambaa yuko hatua chache tu.

Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Asili ya viti hivi, ambavyo wengi huviita vya kifalme, ni Ufaransa enzi za Mfalme Louis XV, aliyetawala kuanzia mwaka 1715 hadi 1774. Mtindo huo ulififia, ukafufuliwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, na sasa umerudi tena. Familia huweka kimoja tu kwenye kona ya sebule kama pambo.

Si jambo baya. Mbao ngumu ikitunzwa hudumu miaka mingi. Muhimu ni kujua kilichopakwa juu yake.

Risasi ndani ya rangi

Kwa miaka mingi, watengenezaji wa rangi walichanganya madini ya risasi ili rangi ikauke haraka na kudumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani na kwenye samani mwaka 1978, lakini vitu vilivyopakwa kabla ya hapo bado vinauzwa na kurithiwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwani mwili wake hufyonza risasi aliyomeza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Huathiri ubongo, uwezo wa kujifunza na tabia. Mara nyingi dalili hazionekani, na kipimo cha damu ndicho hutoa jibu.

Mjamzito naye akae mbali, kwa sababu risasi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Ufanye nini?

Kama hujui umri wa rangi, chukulia kwamba ina risasi.

• Usikubali kiti kipigwe msasa mkavu nyumbani. Kazi ifanyike mbali na watoto, na rangi ilowanishwe kwanza.

• Usichome rangi ili kuibandua, moshi wake ni sumu.

• Usifagie vumbi likiwa kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

• Fundi abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto.

• Kama rangi inabanduka na mtoto ameshazoea kukitafuna kiti hicho, mpeleke kituo cha afya na ueleze wazi.

Usisahau kunguni

Kagua mishono na chini ya kiti. Madoa madogo meusi ni ishara ya kunguni, ambao huweza kukaa miezi bila kunyonya damu. Ni salama zaidi kutoa kitambaa na sponji la zamani nje ya nyumba, kisha kuweka vipya.

Mzazi, kabla ya kulipa, muulize muuzaji kiti kilitoka wapi na kilipakwa rangi lini. Asipojua, kisiingie ndani kabla hakijashughulikiwa. Kona ya sebule inaweza kusubiri wiki mbili. Ubongo wa mtoto ukishaathirika, hakuna fundi wa kuurudisha.