Ufunguo Mmoja na Makarani Wengi

Ninyi mliokusanyika Bujora, sogeeni karibu, na mwalimu wenu aongeze sauti ya redio. Leo tutazungumza juu ya kufuli. Si kufuli la mlango wa ghala, bali ni kufuli la ndani ya kompyuta na simu, ambalo hakuna mtu anayeliona kwa macho.

Kwanza tujifunze maneno mawili. La kwanza ni faili. Katika kompyuta, faili ni kitu cho chote kilichoandikwa kikawekwa: barua, picha, au hesabu ya pamba. La pili ni kiini. Kiini ni programu kubwa iliyo chini ya programu nyingine zote. Programu ikitaka kusoma faili au kuandika, haiendi yenyewe. Hukiomba kiini kiifanyie kazi hiyo. Andikeni maneno hayo katika madaftari yenu.

Sasa fikiri msimu wa pamba. Chama cha ushirika kina mizani na leja moja. Makarani ni wawili, ili watu wasichelewe. Katika leja, jina lako lina kilo 120. Asubuhi mwanao mkubwa anapeleka kilo 40 kwa karani wa kwanza, na mwanao mdogo anapeleka kilo 25 kwa karani wa pili. Karani wa kwanza anatazama leja, anaona 120. Wa pili naye anatazama, anaona 120. Wa kwanza anajumlisha, anaandika 160. Wa pili anajumlisha, anafuta iliyopo, anaandika 145.

Je, ilipasa iwe ngapi? Shika kalamu ujumlishe. Ilipasa iwe 185. Kilo 40 zimepotea, na mwizi hayupo. Kila karani alijumlisha sawasawa. Kosa ni kwamba walishika kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Jambo hili hutokea ndani ya kompyuta vile vile. Siku hizi hata simu ya mkononi ina wafanya kazi kadhaa ndani yake, wanaotenda kazi kwa pamoja. Dawa yake ni kufuli. Anayetaka leja achukue kwanza ufunguo. Asiye na ufunguo asiiguse. Akimaliza aurudishe.

Tuchukue mfano wa kweli, nao ni kiini kiitwacho Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Ikiwa una simu ya Android, kiini hicho kimo mfukoni mwako. Mwaka 1996 lilitoka toleo la 2.0, lililoweza kutumia wafanya kazi wengi katika kompyuta moja. Waandishi wake wakachagua njia nyepesi: kufuli moja kubwa kwa kiini chote. Anayesoma faili, anayeandika, anayepeleka habari kwa waya, wote wangoje ufunguo ule ule.

Njia hiyo haikuwa ya kipumbavu. Hesabu hazikupotea. Lakini fikiri ghala lenye makarani wanane na ufunguo mmoja. Mmoja anaandika, saba wamesimama, na mishahara mnalipa minane.

Basi wakaanza kuweka makufuli madogo madogo, hili la leja, lile la mizani. Hapo likaja balaa la pili, ambalo tutaliita mkwamo. Karani mmoja ameshika ufunguo wa leja, anangoja wa mizani. Mwenzake ameshika wa mizani, anangoja wa leja. Hakuna anayeachia. Foleni ya wakulima inafika barabarani. Simu inapoganda, ukabonyeza na isijibu, wakati mwingine sababu ni mkwamo wa namna hii.

Mkwamo hauondolewi kwa kuongeza makufuli. Huondolewa kwa utaratibu. Faili hukaa ndani ya folda, na folda yaweza kukaa ndani ya folda nyingine. Ile ya juu huitwa mzazi, ya ndani huitwa mtoto. Kanuni ya Linux ni hii: ukihitaji kufunga zote mbili, funga mzazi kwanza, kisha mtoto. Wote wakipita njia hiyo, hawatakutana uso kwa uso kwenye daraja jembamba. Na kuhamisha kitu kutoka folda moja hadi folda nyingine ni kazi yenye hatari zaidi, kwa hiyo kuna kufuli lake la pekee: katika hazina moja ya mafaili, hufanywa hamisho moja tu la namna hiyo kwa wakati mmoja. Ni polepole, ndiyo. Lakini watu hawahamishi vitu kila dakika, na mimi naona hapo wepesi wa kuelewa ni bora kuliko mbio.

Lakini lile kufuli kubwa la zamani lilikuwa bado lipo, tena lilikuwa na tabia ya ajabu. Karani aliyelishika akisinzia, ufunguo ulimtoka mkononi wenyewe, mwingine akautumia. Akiamka hurudishiwa, naye hudhani leja iko kama alivyoiacha. Kumbe imebadilika! Wako waliotegemea tabia hiyo bila kujua. Ndiyo maana haikutosha kuling'oa tu. Ilibidi kuuliza kila mahali lilipotumika: hapa linalinda kitu gani?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Ninyi wa Bujora mnaifahamu sikukuu ya Bulabo. Bagika na Bagalu hucheza saa ile ile, lakini kila kundi lina uwanja wake na ngoma zake. Hawagombanii chombo, wanagombania watazamaji tu. Hapo kufuli la nini? Mahali pengi katika Linux palikuwa hivyo: kufuli lilifungwa, na hapakuwa na kitu cha kulindwa. Mahali pengine palikuwa na kitu, nacho kikapewa kufuli lake. Mtindo mmoja wa kupanga mafaili, uitwao ReiserFS, ulitegemea mno lile kubwa. Katika toleo la 2.6.33, mwaka 2010, ulipewa kufuli lake wenyewe, na waandishi wakalazimika kutafuta kila mahali karani alipozoea kusinzia, wakaandika wazi: hapa achia ufunguo, hapa uchukue tena. Mwezi wa Mei 2011, katika toleo la 2.6.39, kufuli kubwa likaondolewa kabisa. Miaka 15!

Lipo jambo moja zaidi. Kutafuta tu jina la faili kulidai kushika makufuli njiani, folda kwa folda. Katika toleo la 2.6.38, la Machi 2011, msomaji akapata njia ya kupita bila kufuli. Fikiri ubao wenye bei ya pamba, na pembeni pana namba. Anayebadilisha bei huongeza moja kabla ya kuanza, na moja tena akimaliza. Wewe soma namba, soma bei, kisha tazama namba tena. Ikiwa ni ile ile, bei uliyosoma ni sahihi. Ikiwa imebadilika, soma upya. Na ukikuta namba ni witiri, kama 7 au 9, ujue mtu bado anaandika; ngoja kidogo.

Sasa mwalimu azime redio, tufanye kazi. Rudini kwenye leja ile ya kilo 120. Makarani wawili wanaandika, na wa tatu anawasomea tu wakulima hesabu zao. Je, huyo wa tatu anahitaji ufunguo, au namba ya pembeni yamtosha? Jibuni kwa sentensi mbili, kisha mbadilishane madaftari na jirani.