Mtafiti wa mpunga apimwe kwa makala au kwa magunia?

MKULIMA wa Dakawa, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, hahitaji kufundishwa umuhimu wa kipimo. Anajua kuwa gunia la lumbesa, lile linalojazwa hadi kuota kichwa, humpa mnunuzi kilo ambazo hakuzilipia.

Hata hivyo, kipo kipimo kingine kinachogusa mfuko wake ingawa hakioni. Ni kile kinachotumika kupima kazi ya mtafiti anayemtafutia mbegu.

Dakawa si mashamba matupu. Hapo kuna kituo ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na mwaka 2011 China ilizindua kituo chake cha kuonyesha teknolojia za kilimo. Mjini Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari hapo hapo Dakawa Aprili 12 mwaka huo.

Duniani kote kazi ya wanasayansi hupimwa kwa mambo mawili: idadi ya makala wanazochapisha, na mara ambazo makala hizo zimenukuliwa na wanasayansi wenzao. Wazo la kuorodhesha nukuu hizo lilitolewa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akaleta kipimo kinachojulikana kwa herufi h.

Hesabu yake ni rahisi. Mtafiti mwenye makala sita zilizonukuliwa mara 25, 12, 6, 4, 3 na 1 anapata alama 4, kwa kuwa makala zake nne zimenukuliwa angalau mara nne kila moja. Ili apate 5, ni lazima makala tano zifikie nukuu tano, na yeye anazo tatu tu.

Urahisi huo ndio uliokifanya kipimo hicho kipendwe, lakini una kasoro zake. Mtanzania Erasto Mpemba, ambaye akiwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule wa baridi, alichapisha makala pamoja na Dk. Denis Osborne mwaka 1969. Wanafizikia wanaendelea kubishania jambo hilo, nalo linaitwa kwa jina lake. Lakini makala moja, hata ikinukuliwa mara elfu, haimpi mtu zaidi ya alama 1.

Kwa watafiti wa mbegu kasoro ni kubwa zaidi. Mwaka 2002 iliidhinishwa mbegu ya mpunga ya TXD 306, ambayo wakulima wanaiita Saro 5. Inazaa vizuri na ina harufu kiasi, na ilienea katika skimu nyingi za umwagiliaji nchini, Dakawa ikiwemo. Mkulima anapoipanda hamnukuu mtu. Ananunua mbegu, anavuna, anauza. Faida hiyo yote haiongezi hata alama moja katika kipimo cha h.

Upande wa pili upo ugonjwa wa kimyanga, unaogeuza majani ya mpunga kuwa ya njano. Kirusi chake kiligunduliwa nchini Kenya mwaka 1966, na Saro 5 ni miongoni mwa mbegu zinazoshambuliwa nacho. Tangu miaka ya 2000, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa aina nyingi za kirusi hicho zipo mashariki mwa Tanzania, ukanda wa Milima ya Tao la Mashariki, ambamo Uluguru imo. Makala za uchunguzi huo zimesomwa na kunukuliwa nje ya nchi. Zina thamani, kwani huwezi kuzalisha mbegu inayostahimili adui usiyemjua. Lakini mkulima atanufaika siku mbegu hiyo itakapofika shambani.

Ndipo suala la uchumi linapojitokeza. Mtu hufanya kile anacholipwa kukifanya. Vyuo vikuu hupandisha vyeo kwa kuangalia machapisho, na katika miaka ya 2020 serikali imetoa tuzo za fedha kwa wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Mtafiti anayekaa misimu kadhaa akichambua vizazi vya mpunga atakuwa na machache ya kuonyesha, wakati mwenzake aliyekaa maabara amekwishachapisha.

Je, apimwe kwa magunia basi? Hapana, si kwa magunia peke yake. Mashamba ya skimu ya Dakawa, yenye ukubwa wa hekta 2,000, hutegemea maji yanayovutwa kwa pampu za umeme kutoka Mto Wami. Pampu zikisimama mavuno hushuka, na hilo si kosa la mtafiti. Aidha, bila makala hakuna mwanasayansi mwingine atakayekagua kama matokeo ni ya kweli.

Linalowezekana ni kutumia vipimo vyote kwa pamoja. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 liliwataka waajiri na wafadhili wasitumie hadhi ya jarida kama kipimo cha ubora wa mtafiti, bali waangalie kazi yenyewe. Kwa taasisi za kilimo, hiyo ingekuwa na maana ya kuhesabu pia mbegu zilizoidhinishwa, tani za mbegu bora zilizozalishwa, na ekari zilizopandwa mbegu hizo.

Takwimu za namna hiyo hukusanywa kwa gharama, kwani zinamtaka mtu aende shambani. Lakini bila hizo, nchi itaendelea kulipia utafiti kwa mizani inayosoma upande mmoja tu, na mkulima wa Dakawa anajua mizani ya namna hiyo humnufaisha nani.