Athena, Venus na Zuhura: jina gani linamfaa binti yetu?

Tuchukulie nyumba moja ya Milola, mkoani Lindi, siku ya sita tangu mtoto wa kike azaliwe. Mbuzi wa akika amefungwa chini ya mkorosho, wembe wa kumnyolea mtoto umenunuliwa na majirani wamealikwa. Kilichobaki ni jina. Mama wa mtoto, aliyesoma na kuishi Dar es Salaam, amekuja na lake: Athena. Mama mkwe anauliza huyo ni nani. Akiambiwa kuwa ni mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, anasema kwa upole, “Mwanangu, mjukuu wangu hawezi kubeba jina la sanamu.” Mkwe anajibu kwa adabu, “Mama, nataka binti jasiri. Tena mbona katika ukoo huu wamo kina Zuhura watatu, na Zuhura ndiyo hiyo hiyo Venus?”

Ndugu msomaji, tusilicheke swali hilo wala tusiliogope. Majina ya aina hii yanaingia majumbani kwa njia ya simu, filamu na vitabu vya watoto, na mama anayeyapenda mara nyingi hana nia ya kuiacha dini yake. Anachotaka ni binti asiyedharauliwa. Basi tulipime jambo kwa mizani ya elimu.

Kwanza tuwafahamu wenye majina. Athena alihesabiwa na Wagiriki kuwa mungu wa hekima na vita, na hekalu lake, Parthenon, lingali magofu mjini Athens. Venus alikuwa mungu wa mapenzi wa Warumi. Diana, mungu wao wa uwindaji, alilinganishwa na Artemis wa Wagiriki, aliyekuwa na hekalu mashuhuri mjini Efeso. Isis aliabudiwa Misri ya mafirauni, na Freya ni wa watu wa kaskazini ya Ulaya. Hawa hawakuwa wanawake waliopata kuishi wakasifiwa kwa matendo yao. Ni visasili, na watu waliwasujudia, wakawachinjia na kuwaomba mvua, watoto na ushindi.

Waarabu wa zama za ujahiliya nao walikuwa na miungu wao wa kike. Qur'ani Tukufu, katika Surat an-Najm, inawataja watatu: Lata, Uzza na Manata. Watu waliwapa watoto majina ya kuwanasibisha na masanamu hayo. Abu Lahab, ami yake Mtume (s.a.w.), jina lake hasa lilikuwa Abdul-Uzza, yaani mja wa Uzza. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwenda Nakhla kulivunja hekalu la Uzza. Majina nayo hayakuachwa. Abdurrahman bin Auf (r.a.) hakuzaliwa na jina hilo, alipewa baada ya kusilimu.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa binti wa Umar (r.a.) aliyeitwa kwa neno lenye maana ya muasi alibadilishiwa, akaitwa Jamila. Zainab bint Jahsh (r.a.) aliitwa Barra, yaani mwema, na Mtume (s.a.w.) alilibadili jina hilo ili mtu asijitakase mwenyewe. Bukhari naye amepokea habari ya Hazn, ambaye jina lake lilimaanisha ugumu. Mtume (s.a.w.) alimpendekezea jina la Sahl, yaani wepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, alikuja kusema kuwa ugumu haukuwatoka katika ukoo wao.

Hapa ndipo hoja ya Zuhura inapohitaji jibu la haki. Ni kweli kwamba kwa Kiswahili Zuhura ni jina la sayari ambayo Wazungu wanaiita Venus, na wapo wanahistoria wanaoihusisha Uzza na sayari hiyo. Zipo pia hekaya za mwanamke aliyegeuzwa nyota katika kisa cha Haruta na Maruta, ambazo Ibn Kathir amezirejesha kwenye masimulizi ya Bani Israil. Lakini neno lenyewe linatokana na asili ya Kiarabu yenye maana ya kung'aa, na kwa asili hiyo hiyo Bibi Fatima (r.a.) akaitwa az-Zahra. Mzee wa Kilwa au Lindi aliyemwita bintiye Zuhura aliiona nyota inayong'aa alfajiri. Hakuwa na sanamu moyoni, wala aliyelisikia jina hilo hakuikumbuka sanamu.

Lugha imejaa maneno yenye asili ya namna hiyo. Mwezi wa Januari umepewa jina la Janus, na Machi la Mars, wote miungu wa Warumi. Hata hivyo tunaandika Januari na Machi katika vyeti vyetu vya ndoa, na hakuna anayedhani kuwa tumeabudu. Neno linapokwisha kuwa la siku, mwezi au nyota, na maana ya ibada ikafutika katika vichwa vya watu, hukumu yake haiwi sawa na ya jina linalochaguliwa kwa sababu ya sanamu lenyewe. Athena hana maana nyingine. Ukiulizwa kwa nini umelichagua, jibu litakupeleka kwenye hekalu lake. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo sababu wanazuoni huonya dhidi ya majina yanayofahamika kuwa ni ya vinavyoabudiwa.

Mama mkwe naye asidhani kuwa ameshinda. Katika pwani yetu ya kusini tumewaita watoto Shida, Tabu na Siwatu, kwa kuwa walizaliwa wakati wa dhiki au baada ya ndugu zao kufariki. Tunaelewa machungu yaliyozaa majina hayo. Lakini bibi anayemkataa Athena kwa hoja ya maana ya jina, kisha akamwita mjukuu Shida, amesahau kisa cha Hazn. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Shaaban Robert aliandika wasifu wake kwa jina hilo la heshima, na ndilo linalokumbukwa. Mizani ya maana nzuri inawahusu wote wawili, kijana anayetazama simu na mzee anayerithisha majina ya zamani.

Je, hamu ya mama huyu ya kupata jina la ujasiri haina mahali katika Uislamu? Inapo pakubwa. Khawla bint Thaalaba (r.a.) ndiye aliyemjadili Mtume (s.a.w.) kuhusu mumewe aliyemtamkia dhihari, na Mwenyezi Mungu akayasikia malalamiko yake na kuteremsha mwanzo wa Surat al-Mujadila. Nusayba bint Kaab (r.a.) alisimama Uhud kumkinga Mtume (s.a.w.) wakati wengi walipotawanyika, akajeruhiwa. Hajar, mama yake Ismail (a.s.), alikimbia baina ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji, na hadi leo mahujaji, wanaume kwa wanawake, wanazifuata nyayo zake. Asiya alimwamini Mola wake ndani ya nyumba ya Firauni. Hapo mzazi awe makini na maandishi ya Kiarabu: Asiya wa Firauni anaandikwa kwa alifu na sini, ilhali neno la muasi lina aini na swadi. Kiswahili kimeyafanya yasikike karibu sawa, basi mwalimu wa madrasa aulizwe.

Yapo pia mambo ya dunia. Jina litaandikwa katika cheti cha kuzaliwa, litaitwa darasani na litasomwa katika kila fomu. Wazazi walioliteua jina la Isis kwa uzuri wake walilijutia kuanzia mwaka 2014, lilipovuma ulimwenguni kuwa kifupisho cha jina la kundi la wapiganaji. Kubadili jina baadaye kunawezekana, lakini kuna kiapo, gharama na usumbufu wa nyaraka.

Na kwa aliyekwisha kuitwa Diana au Venus, tumstahi. Surat al-Hujurat inatukataza kudhihakiana na kuitana kwa majina ya kejeli. Kama ni Mwislamu, anasihiwe faraghani na kwa upendo. Kama ni jirani asiyekuwa Mwislamu, jina lake ni amana ya wazazi wake, tulitamke kwa heshima.

Nani basi aamue? Ibn al-Qayyim ameandika kuwa wazazi wakitofautiana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Lakini baba mwenye busara hutangulia kushauriana. Watu wa kusini wanaijua thamani ya somo, yule ambaye mtoto hubeba jina lake na kuiga mwenendo wake. Mama wa Milola anamtafutia binti yake somo jasiri, na bibi anataka somo huyo awe amemjua Mwenyezi Mungu. Wakikaa mkekani usiku ule kabla ya siku ya saba, wataona kuwa haja zao hazipingani. Khawla anazitimiza zote mbili, na Nusayba vilevile.

Asubuhi mtoto atanyolewa, nywele zitapimwa na thamani ya uzito wake kwa fedha itatolewa sadaka. Jina litakalotamkwa mbele ya majirani hatalichagua yeye, lakini ataishi nalo. Ni haki yake ya mwanzo juu ya wazazi wake. Wallahu aalam.