Upana wa Shina la Herufi na Hatima ya Maandishi

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamifu aliwahi kuwasilisha tasnifu kuhusu upatanisho wa kisarufi. Viambishi vyote alikuwa amevikoleza wino. Katika ‘watoto wazuri’, kwa mfano, wa- zote mbili zilionekana waziwazi kwenye kompyuta yake. Mtahini aliyeisoma PDF kwingineko akauliza: viambishi vyenyewe viko wapi? Kwake, herufi zote zilikuwa na unene mmoja. Hebu fikiria! Uchanganuzi wa miezi mingi umefifia, na hakuna aliyefuta hata nukta.

Kisa na maana ni kipimo ambacho wengi wetu hatujui kuwa kipo: upana wa shina. Shina ni ule mstari mkuu wa wima unaobeba herufi kama l au n. Wasanifu wa fonti aghalabu hugawa kimo cha fonti katika vizio 1000, kisha hupima shina kwa vizio hivyo. Katika Times-Roman ya Adobe, shina lina vizio 84. Katika Times-Bold, ndugu yake mnene, lina 139.

PDF hubeba kipimo hiki kwa jina StemV. Fonti ikipachikwa ndani ya faili, msomaji huona herufi zilezile za mwandishi. Isipopachikwa, na kompyuta ya msomaji nayo haina fonti hiyo, programu kama Acrobat huweza kutumia fonti mbadala inayonenepa au kukonda kwa kufuata StemV. Kipimo kikiwa cha uongo, basi herufi nazo hudanganya. Tulipoichunguza faili yetu, fonti nzito haikuwa imepachikwa, na StemV yake ilikuwa 80, sawa na ya herufi za kawaida.

Hata fonti ikiwepo, skrini ina vituko vyake. Kwenye skrini ya pikseli 96 kwa inchi, fonti ya pointi 12 hupata kimo cha pikseli 16 tu. Shina la vizio 90 huwa pikseli 1.44, na la vizio 96 huwa 1.54. Nusu ya pikseli haichoreki, kwa hivyo la kwanza hukadiriwa kuwa 1 na la pili 2. Tofauti isiyoonekana kwa macho inageuka maradufu, na neno moja linaonekana kama limeandikwa kwa kalamu mbili! Ndiyo maana fonti za Type 1 huwa na kipimo sanifu, StdVW, kinachoiamuru programu iyachore mashina yanayokaribiana kwa upana mmoja. Kwenye printa ya nukta 600 kwa inchi, mashina hayohayo hupata nukta 9 na 10, na hakuna atakayegundua. Skrini za kisasa nazo hulainisha kingo kwa rangi ya kijivu, ingawa herufi ndogo bado huumia.

Tasnifu ile ilitolewa upya, fonti zote zikiwa zimepachikwa. Mtahini aliziona wa- zake, kisha akaanza kuuliza maswali magumu zaidi.