Lilinga: Ngome ya Kalenga na Jina la Mji wa Iringa

Jina Iringa limetokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Ngome yenyewe haikuwa pale ulipo mji leo, bali Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, ambako Mtwa Mkwawa aliyazungushia makao yake ukuta wa mawe. Wajerumani, ambao kikosi chao kilishindwa Lugalo mwaka 1891, waliivamia na kuiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Miaka miwili baadaye walianzisha kituo chao kwenye nyanda zilizo juu ya mto, nacho wakakiita Iringa. Neno likahama: mshindi alijitwalia jina la ukuta alioushinda, na Kalenga, yenye haki zaidi ya jina hilo, ikabaki kijiji. Wanaisimu wengi, waishiapo kutaja asili ya neno, hulipita jambo hili haraka mno.

Katika mji mpya likajengwa Boma. Na boma, kwa Kiswahili, ni lilinga vilevile, ingawa lugha ya utawala ililigeuza kuwa ofisi ya serikali. Jengo hilo limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016. Kalenga nako kuna makumbusho, yanayohifadhi fuvu lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 kama la Mkwawa. Ukuta umebaki mabaki machache.